Karafuu Ndani ya Kombi

Simu ya Zubeir ilipokatika, Maalim Ridha hakurudi barazani kumalizia kahawa yake. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapita kisima na banda la kuku, akasimama mbele ya turubai kubwa la buluu, na kwa muda akalitazama tu, kama mtu aliyefika kwenye msiba na hajui aanze kwa neno gani.

Ndugu yake alikuwa anarudi. Zubeir, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa amestaafu kazi ya udereva Maskati, na kabla ya mwezi kwisha angeshuka bandarini Mkoani pamoja na mkewe, Moza.

"Na gari, Kaka?" alikuwa ameuliza simuni. "Gari langu lipo?"

"Lipo," Maalim Ridha alimjibu. "Lipo kama ulivyoliacha."

Sasa alilivuta turubai, na uongo wake ukamtazama usoni.

Lilikuwa gari la kulala, Kombi ya zamani, kijani chini na rangi ya maziwa juu, lenye injini nyuma na paa linaloinuka kwa kuta za turubai. Zubeir alilinunua kwa mtafiti mmoja wa samaki aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Ndani yake mlikuwa na vitanda viwili vya kukunja, makabati madogo, beseni la kunawia na jiko la mafiga mawili. Watu walimcheka Zubeir. Mpemba mwenye nyumba yake akalale garini? Lakini Zubeir alikuwa na sababu, na aliisema mara moja tu, siku alipokuwa akisafiri. "Kaka, mimi na Moza tutakwenda kulala katika vyumba vya kupewa mpaka tuzeeke. Tukirudi, nataka tuzunguke kisiwa hiki polepole, tulale pale tunapochoka, ndani ya kitu chetu wenyewe." Kisha akamkabidhi gari lile na kusema neno moja: "Amana."

Neno hilo kwa watu wa huko halihitaji shahidi wala wino. Mwenye kulipokea huwa amejifunga mwenyewe.

Namna karafuu zilivyoingia ndani ya gari lile haikuwa ya ujambazi. Dhambi ile iliingilia mlango wa huruma. Mwaka mmoja mvua za vuli ziliwahi, zikawakuta watu wa Mtambile na vijiji vyake katikati ya uchumaji. Karafuu mbichi zilikuwa zimekwisha kuchambuliwa na kuanikwa, na kila majamvi yalipotandikwa yalianuliwa mbio. Karafuu isiyopata jua hupauka na kuoza, na jasho la mchumaji huenda bure. Maalim Ridha aliligeukia gari la nduguye. Lilikuwa bati tupu, vioo kila upande, na jua la saa moja tu lililigeuza tanuri. Akatandika jamvi moja ndani, akainua paa kidogo ili mvuke upate pa kutokea. Karafuu zilitoka nyekundu, kavu, zikilia mkononi kama changarawe.

Habari njema haina miguu lakini hufika. Jirani mmoja aliomba nafasi ya pakacha moja, na wa pili akaomba vivyo hivyo. Mwaka uliofuata vitanda vilitolewa ili majamvi yaenee, magodoro yakaenda chumba cha wageni, na jiko likaingia kwa Bi Ummkulthum, mke wake, aliyelipenda kwa kahawa ya sikukuu. Kila kitu kilitoka kwa nia ya kurudishwa. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye karafuu zake hazikupita mle.

Lakini karafuu mbichi ina maji, na maji hayapotei, huhama. Yalitoka kwenye karafuu yakapanda kwenye vioo, yakateremka kutani, yakaingia sakafuni, yakakaa. Mafuta ya karafuu nayo, hayo hayo ambayo watu hutia kwenye jino bovu, yaliila dashibodi hadi ikawa inanata kama haluwa, yakavimbisha na mipira ya madirisha. Siku aliyopitisha kitambaa juu ya dashibodi na kitambaa kikabaki pale pale, Maalim Ridha alielewa. Alilifunika gari turubai. Na Zubeir alipopiga simu Ijumaa iliyofuata, alimwambia kwamba analitunza kama mboni ya jicho lake.

Wala huyu hakuwa mtu asiyejua uzito wa jambo. Alikuwa amefundisha useremala shuleni miaka mingi, na baada ya kustaafu alikuwa ndiye anayeitwa watu wakitofautiana mipaka au mirathi. Si muda mrefu uliopita aliitwa kwa shauri la Mwatum, jirani yake, aliyeachiwa mkufu na wifi yake, akauvaa harusini, ukakatika kishikizo. Mbele ya watu wote Maalim Ridha alimwambia mwanamke yule: "Amana haivaliwi, haionjwi, haiazimwi." Mwatum alilia. Wazee walitikisa vichwa kwa kuikubali hukumu. Na umbali wa hatua chache kutoka walipokuwa wameketi, ndani ya gari ambalo siku hizo lilikuwa bado halijafunikwa, karafuu za msimu zilikuwa zikikauka.

Baada ya simu ya Zubeir, Maalim Ridha alimwita Bakar, fundi wa bodi za magari kutoka Mtambile. Bakar alitembea akilizunguka gari, akalala chali, akaingia chini yake na bisibisi.

"Maalim, hili gari lilikuwa limeegeshwa wapi? Baharini?"

"Hapa hapa."

Bakar aligonga sakafu kwa ncha ya bisibisi. Bisibisi ikazama, ikatokeza ndani ya gari. "Hodi humu ndani!" alisema kutoka chini, akacheka, kisha akaona hachekewi. Alitoka akijipangusa kutu usoni. "Injini ni nzima, nitaisafisha kabureta iwake. Breki nitazifufua. Lakini hii si sakafu tena, ni andazi. Ikatwe kutoka kiti cha mbele mpaka kwenye injini, mbavu zake zichomelewe upya, lipigwe bati nene. Hiyo kazi haina haraka."

"Ndugu yangu yuko njiani."

"Mwambie asubiri."

"Haiwezi kufunikwa kwa sasa?"

"Kinachofunikwa ni chungu, Maalim." Bakar alimtazama kwa mshangao wa mwanafunzi aliyesikia kosa kwa mwalimu. "Injini na breki nitakufanyia. Sakafu ya kuziba siigusi. Mtu akianguka nitasema nini mie?"

Basi sakafu aliitengeneza Maalim Ridha mwenyewe. Alikwangua kutu iliyolegea, akaacha iliyoshika. Akaziba matundu kwa vitambaa vya faiba vilivyoloweshwa gundi, akalainisha kwa puti, ule ugali wa mafundi rangi, akapiga msasa, akatandika juu yake mbao nyembamba, na juu ya mbao zulia la plastiki lenye maua. Vitanda alivirudisha na kuvitia bawaba mpya. Dashibodi aliivisha kitambaa cheusi, akakishona kwa mkono. Kazi ilikuwa safi mno. Hilo ndilo lililomchoma kila jioni alipokuwa akinawa: kwamba mikono iliyofundisha watoto wa watu kuunga mbao bila hila ilikuwa bado inao ustadi wote, na hila ikautumia.

"Mwambie nduguyo," alisema Bi Ummkulthum, akiwa amesimama mlangoni na jiko la mafiga mawili mikononi, amelisugua hadi linang'aa. "Zubeir si mtu wa makuu."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Akishapumzika na safari."

"Anapumzika na safari, au wewe ndiye unayepumzika na ukweli?" Akalitua jiko chini na kuingia ndani.

Naye Mwatum alipita siku ya rangi, ndoo ya maji kichwani, akasimama kwenye ua wa makuti.

"Mashaallah, Maalim. Gari lanukia hilo! Lanukia kama bi harusi."

"Ni rangi mpya."

"Siku hizi rangi yatiwa karafuu?" Alicheka, na maji yakamchuruzika begani. "Haya, mie simo. Nisije nikaonja kitu cha mtu." Akaenda zake, na Maalim Ridha akabaki na brashi mkononi, rangi ikimdondokea kanzu.

Zubeir alifika siku ambayo rangi ilikuwa haijamaliza kunuka. Aliubusu mkono wa kaka yake, akamsalimu shemegi yake, na bado hajaketi akaomba kuliona gari. Alipoliona alilisogelea polepole. Alipitisha kiganja kwenye paa, kwenye taa, kwenye mlango wa pembeni, kama mtu anayempapasa mnyama aliyempoteza. Kisha akaingiza kichwa ndani na kuvuta pumzi.

"Moza! Njoo unuse. Pemba nzima imo humu!"

Moza, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, alikuja akijikongoja, akanusa, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nyumba yetu," alisema.

Pale ndipo palikuwa pahali pa kusema. Maalim Ridha alifungua kinywa, na kilichotoka ni: "Karibuni chakula."

Baada ya sala ya alasiri, barazani mwa msikiti, Zubeir alisimama mbele ya wazee. "Nimekaa na watu wa kila namna ughaibuni," alisema. "Nimeona ndugu wakinyang'anyana viatu vya marehemu baba yao. Lakini mimi nilimwachia kaka yangu amana, na nimeikuta inang'aa kuliko nilivyoiacha."

"Ndiye yeye huyo," wakasema wazee. "Maalim ni Maalim." Mmoja alimpiga bega. Mwingine akasema ni vyema vijana wakaelezwa habari hii Ijumaa. Maalim Ridha alikuwa akihesabiwa mema, na kila jema lilimwingia kama mwiba wa samaki, usiomezeka wala kutemeka. Aliangalia mkeka. Wao walidhani ni unyenyekevu.

Asubuhi yake safari iliandaliwa: Zubeir na Moza waende Mkoani, wakae ufukweni mkabala na kisiwa cha Makoongwe, na Maalim Ridha awasindikize. Moza alikwenda moja kwa moja kwenye kitanda cha nyuma kilichokunjwa kuwa kiti, upande wa mlango. Maalim Ridha alimwahi mlangoni. Pale chini hapakuwa na bati hata la kubandika jina. Palikuwa na puti, mbao nyembamba na maua ya plastiki.

"Shemegi, kaa mbele na mumeo."

"Mbele magoti yanikatalia kupanda, shemegi. Huku mlango mpana."

"Basi sogea upande ule. Hapa nitakaa mimi."

Upande ule mwingine palikuwa na boriti ya chuma iliyosalimika. Zubeir aligeuka kwenye usukani akicheka. "Tazama Kaka! Anagombea dirisha kama mtoto wa chuoni."

Injini iliwaka kwa mpigo mmoja. Bakar alikuwa ameitendea haki. Gari liliteremka kijiani, likaingia barabara kuu, na Zubeir akaanza kuimba kidogo kidogo. Maalim Ridha alikaa amekunja miguu, nyayo zake zikitafuta ukingo wa chuma chini ya zulia. Kwenye tuta la kwanza alisikia sauti ndogo chini yake, kama mtu anayemega mkate wa kukauka. Neno "simama" lilikuwa ulimini. Lakini Moza alikuwa akimwonesha mumewe mikarafuu na kumuuliza habari za watu wa zamani, na neno lile, ili litoke, lilihitaji kuvutwa na maneno mengine mengi nyuma yake. Akalimeza.

Tuta la pili liko sokoni Mtambile. Gari lilipanda, likashuka kwa kishindo, na sakafu ikafunguka. Mguu wa kulia wa Maalim Ridha ulipita katikati ya maua, ukapita mbao, ukapita puti, ukaning'inia juu ya lami. Alipiga yowe ambalo hakujua kwamba analo. Breki zilishika pale pale. Nyuma yao, katikati ya barabara, ndara yake ilibaki imelala kifudifudi.

Soko zima lilikuja. Wauza ndizi, wauza pweza, waliokuwa wakingoja gari la Chake.

"Gari limeota mguu!"

"Matairi manne na unyayo mmoja!"

"Nyamazeni, ni Maalim Ridha huyo!"

Kicheko kilikatika. Walimchomoa kwa adabu, kanzu imechanika, muundi umechubuka na kuvuja damu kidogo. Moza alikuwa akilia. "Mimi ndiye niliyetaka kukaa pale! Alinikataza. Kaniondosha, kakaa yeye!"

Mzee mmoja alisogea mbele. "Alikukataza?"

"Wallahi alinikataza. Kanambia sogea."

"Alihisi," mzee yule alisema, na sauti yake ikashuka. "Watu wa namna hii hufunuliwa. Hiyo ni karama."

Neno hilo lilienea sokoni kwa kasi kuliko moto kwenye makuti. Karama. Maalim ameona la ghaibu, akajitoa yeye badala ya shemegi yake. Watu walianza kumgusa kanzu. Maalim Ridha alisimama mguu mmoja una ndara na mwingine mtupu, akisikia akifanywa walii, na ulimi wake ukawa mzito kama wa maiti.

Zubeir peke yake hakuwageukia. Alikuwa ameinama mlangoni, akiingiza mkono katika tundu. Mkono ulitoka na vipande vya puti, na katika puti, baina ya unga wa kutu, karafuu: nyingi, nyeusi kwa ukongwe, zimesongamana kama zilivyokuwa zimepenya katika mbavu za sakafu msimu baada ya msimu. Alizinusa. Alimtazama kaka yake. Kisha akaufumba mkono ule mbele ya watu wote.

"Kaka ameumia," alisema. "Turudi nyumbani."

Mwatum, aliyekuwa amekuja kununua sukari, aliiokota ile ndara, akaja kuiweka karibu na mguu wa Maalim Ridha. Maalim Ridha alingoja kejeli yake. Mwatum akasema tu, "Vaa, Maalim. Lami ina moto," na upole wake ulimuuma kuliko kejeli yoyote.

Nyumbani Zubeir aliketi barazani na kumenya chungwa taratibu, ganda lisikatike. Maalim Ridha alilala chumbani, mguu umefungwa kitambaa, akajiambia kwamba atatoka akishapungua maumivu. Adhuhuri ikaja ikapita. Alasiri akatoka, kwa sababu aliitwa na mgeni.

Mgeni alikuwa Haroub, mkulima wa karafuu wa upande wa pili wa bonde, ambaye macho yake yalikuwa yakifanya ukungu na kesho yake alikuwa anasafiri kwenda bara kutibiwa. Aliweka mezani kitambaa kilichofungwa mafundo.

"Maalim, hizi ni bangili za marehemu dada yangu. Ni za wale watoto wake, mayatima. Nilikuwa nimwachie binamu yangu. Lakini leo nimesikia yaliyotokea sokoni, nikasema, mimi ni mjinga? Mwenye karama ninaye jirani, nipeleke mali ya yatima kwa mwingine?"

Zubeir hakuinua kichwa. Kisu chake tu kilisimama kwenye chungwa jingine.

Maalim Ridha alikitazama kitambaa kile. Ilimjia kwamba angeweza kukipokea, na angekitunza kweli, asikiguse. Ilimjia pia kwamba hivyo ndivyo alivyowaza siku ile alipoambiwa "amana" kuhusu gari.

"Haroub, usiniachie."

"Kwa nini?"

"Sifai. Sikufunuliwa kitu leo. Nilijua sakafu ni mbovu kwa sababu ubovu wake niliufanya mimi, na nikauficha mimi."

Haroub alitabasamu kwa heshima. "Maalim, unyenyekevu wako ndio huo huo—"

"Si unyenyekevu!" Alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Alimshika Haroub mkono, akachechemea naye hadi nyuma ya nyumba, akafungua mlango wa gari, akalikamata zulia la maua na kulivua sakafuni kwa nguvu zake zote. Puti ilikatika vipande. "Tia mkono."

Haroub alitia mkono kama mtu anayetia kwenye pango la nyoka. Akautoa. Alizileta karafuu karibu na macho yake mabovu, akazigeuza.

"Na zangu zimo," alisema baada ya muda, polepole.

"Zimo. Niliitumia amana ya ndugu yangu kama jamvi. Nikamdanganya simuni. Nikampandisha mkewe kwenye gari la puti."

Haroub alikunja kitambaa chake cha bangili, akakitia ndani ya koti. Alitoa salamu huku akitazama kisima, akaondoka. Maalim Ridha alijua kwamba kabla ya magharibi karama ingekuwa imekufa, na pamoja nayo kitu kingine ambacho kilikuwa kimechukua umri wake wote kujengwa.

Alipogeuka, Zubeir alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mwenye gari ni mimi, Kaka," Zubeir alisema. Hakuwa na hasira sautini, na Maalim Ridha angeitamani hasira. "Nimekaa pale barazani tangu tuliporudi. Nimekungoja. Nilifumba mkono mbele za watu ili uje unifumbulie wewe mwenyewe, sisi wawili. Ukamwambia Haroub kwanza."

Maalim Ridha alitazama chini. Ilikuwa kweli. Hata kuungama ameungama mbele ya mgeni, kwa kelele, kama hukumu anayomtolea mtu mwingine, na mwenye haki amesikia kwa kupita.

"Sasa niambie mimi," Zubeir alisema. "Kana kwamba sijui lolote."

Maalim Ridha aliegemea mlango wa gari. Mguu ulikuwa ukimuuma. Alijikohoza.

"Mwaka ule mvua ziliwahi—"

"Hapana," Zubeir akamkata. "Usianze na mvua. Anza na wewe."

Maalim Ridha aliuachia mlango wa gari, akasimama wima. Kisha akainua macho yakakutana na ya mdogo wake, akaanza upya.